Kutoka Pande Hadi Keko

Aliyewahi kulima bustani Kijichi, Mbagala au Bunju hahitaji kuelezwa ndago ni nini. Ni lile jani jembamba linalorudi siku chache tu baada ya palizi, na chini yake kuna vijinundu vyeusi vilivyoungana kama tasbihi. Ukiikata kwa jembe ndiyo umeipanda upya, maana kila kijinundu kilichobaki ardhini huota kivyake. Nimeilaani ndago miaka mingi, mgongo ukiniuma, bila kujua kwamba vijinundu vyake vilishatiwa kwenye damu yenye vimelea vya malaria na kutoka na alama za juu kabisa.

Habari hizo zilichapishwa mwaka 1990 katika jarida la Planta Medica. Hans Weenen na Mayunga Nkunya wa Idara ya Kemia, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenzao, akiwemo mtaalamu wa mimea Leonard Mwasumbi, walikusanya mimea 49 ambayo watu wetu huitumia kutibu homa. Waliikausha, wakaisaga, wakaikamua, kisha rojo lake likajaribiwa juu ya vimelea sugu. Mimea mitatu iliipita mingine yote: vijinundu vya ndago, maganda ya mizizi ya Hoslundia opposita, na maganda ya mizizi ya Lantana camara, lile ua la vichaka ambalo watoto hula matunda yake meusi. Mingine 18 ilifuata kwa mbali kidogo. Iliyobaki iliachwa.

Kwa neno la jikoni, hiyo ni kazi ya kuchekecha. Unamimina kingi juu, unatikisa, unaangalia kilichobaki. Hadithi ya kutafuta dawa katika jiji hili ni hadithi ya machekeche: nani alikuwa nalo, matundu yake yalikuwa na ukubwa gani, na kilichobaki juu yake kilikwenda wapi.

Mwanzoni chekeche halikuwa letu. Robert Koch, daktari wa Kijerumani aliyegundua kimelea cha kifua kikuu, alikaa Dar es Salaam mwaka 1897 na 1898 akichunguza malaria. Kuanzia 1901 Wajerumani waliendesha kampeni mjini humo ya kupima damu za wakazi na kuwanywesha kwinini waliokutwa na vimelea. Kwinini ilitoka katika magome ya mti wa Amerika ya Kusini, na mti huo ulipandwa pia Amani, milima ya Usambara. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, meli za Waingereza zilipoziba pwani, askari wa kamanda wa Kijerumani Lettow-Vorbeck walinyweshwa maji machungu ya magome yaliyochemshwa, wakayapa jina la utani la pombe ya Lettow. Upande wa pili wa historia hiyo haumchekeshi mtu. Mwaka 1906 Koch alikwenda visiwa vya Sese, Ziwa Viktoria, akawachoma sindano wagonjwa wa malale kwa dawa iitwayo atoxyl, ambayo asili yake ni aseniki. Baadhi yao walipofuka. Kwa muda mrefu tangu hapo mgawanyo wa kazi ulikuwa huo: dawa inabuniwa Ulaya, mwili wa kuijaribia unapatikana Afrika.

Mwaka 1974 jambo lilibadilika, japo kwa unyonge. Pale Muhimbili, Kitivo cha Tiba cha Chuo Kikuu kilianzisha kitengo cha utafiti wa dawa za asili, ambacho mwaka 1991 kilipandishwa hadhi kuwa taasisi kamili. Wakoloni walikuwa wamemweka mganga wa jadi kapu moja na mchawi. Sasa vijana wenye shahada walitumwa kumfuata mganga kijijini, kukaa naye chini na kumwuliza: hili gome unalichemsha muda gani, na mgonjwa anakunywa kikombe au kijiko? Kwa kushirikiana na wataalamu wa Uppsala, Uswidi, majina yaliyokusanywa yalichapishwa kuanzia mwaka 1982 katika orodha ndefu: jina la Kilatini, jina la kienyeji, sehemu ya mmea, ugonjwa. Orodha haikuwa dawa, lakini bila orodha huna cha kumimina kwenye chekeche.

Haraka ya kutafuta ilitokana na klorokwini. Waliozaliwa kabla ya 1995 wanaikumbuka kwa mwili: uchungu ulioganda kooni, halafu usiku muwasho unaotembea chini ya ngozi, mtu akijikuna kwa kitana au gunzi la mahindi. Ilikuwa rahisi, ilipatikana kila duka, na kwa miaka mingi ilifanya kazi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 taarifa za vimelea visivyokufa zilianza kutoka Kenya na Tanzania. Serikali iliiondoa klorokwini kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001, ikaweka SP, ambayo wengi waliijua kwa jina la Fansidar. Mwisho wa mwaka 2006 SP nayo ikapisha dawa ya mseto. Watu wa Mlimani, pale Chuo Kikuu, walioanza kuchimba mizizi miaka ya 1980 hawakuwa wakifanya mchezo. Walijua duka linaelekea kuwa tupu.

Walichimba wapi? Sehemu mojawapo ni Pande. Msitu huo uko pembezoni mwa jiji, upande wa Mbezi na Mabwepande. Wengi wetu jina lake tumelijua kwa habari za wafanyabiashara wa madini kutoka Mahenge waliouawa humo mwaka 2006. Wanabotania walilijua kwa sababu nyingine kabisa. Ni kipande cha msitu wa pwani kilichosalia katikati ya mashamba na viwanja, na humo unaota mmea wa kutambaa unaoitwa Uvaria pandensis, yaani Uvaria wa Pande. Ni ndugu wa mstafeli na mtopetope, ingawa hakuna atakayekuuzia matunda yake sokoni Tandika.

Kazi ya mkemia ni ya subira. Mizizi inaanikwa kivulini, kwa sababu jua kali linaweza kuharibu unachokitafuta. Inasagwa, inalowekwa katika kimiminika kisichochanganyika na maji, kisha kwa kingine, kila kimoja kikiondoka na sehemu yake. Kimiminika kinavukizwa, linabaki rojo la kahawia. Rojo linawekwa juu ya mrija mrefu wa kioo uliojazwa unga mweupe wa silika, linasukumwa taratibu kwa kimiminika kipya, na chini mtu anakinga matone katika vichupa vilivyopangwa kwa namba. Molekuli moja inateremka haraka, nyingine inang'ang'ania unga. Kila kichupa kinatolewa tone, tone linawekwa kwenye kipande cha bati, bati linawekwa chini ya taa ya urujuanimno. Ukiona doa moja, unashukuru Mungu. Ukiona mawili, unarudi kwenye mrija. Kilo za mizizi zinaishia kuwa miligramu za unga au mafuta kwenye ncha ya kijiko.

Kisha huna budi kujua umbo la ulichokipata, na hapo safari ya nje ilianza. Katika ripoti ya 1987 kwenye jarida la Phytochemistry, majina ya Nkunya na Weenen yamefuatana na ya Thijs na Zwanenburg, wakemia wa Nijmegen, Uholanzi. Katika mizizi ya Uvaria wa Pande walikuta molekuli ambayo haikuwa imeandikwa popote. Mwenye kugundua ana haki ya kutoa jina. Wakaiita pandoksidi.

Nimewauliza marafiki kadhaa wanaoishi Mbezi na Bunju, wenye elimu zao, na hakuna hata mmoja aliyewahi kusikia kwamba kuna molekuli duniani yenye jina la msitu wa jirani yao.

Katika mimea mingine ya jamii hiyo ya Uvaria walipata uvaretini na diuvaretini, zilizozuia vimelea kukua kwa mikrogramu tatu hadi nne hivi kwa mililita. Upimaji wenyewe ulitegemea ufundi uliovumbuliwa mwaka 1976 na William Trager na James Jensen huko New York: kukuza kimelea cha malaria nje ya mwili wa binadamu, katika damu iliyowekwa kwenye chombo cha kioo. Kimelea hicho hakipendi oksijeni nyingi, basi waliwasha mshumaa ndani ya chombo na kukifunika. Mshumaa ulipozimika wenyewe, hewa iliyobaki ilikuwa ndiyo inayofaa. Mshumaa wa kawaida, kama tunaowasha umeme ukikatika. Hata hivyo kuitunza damu hiyo siku nenda rudi kulihitaji maabara isiyotetereka, na upimaji wa mimea yetu ulifanywa pamoja na David Bray, wa chuo cha tiba za nchi za joto kilichoko London. Rojo la ndago lilipimwa juu ya vimelea aina ya K1, vyenye asili ya Thailand, sugu kwa dawa nyingi.

Hapa inafaa kusema ukweli ambao magazeti huuruka kila yanapoandika kwamba mti fulani unatibu malaria. Mikrogramu chache ni kidogo machoni, lakini klorokwini, kwa vimelea visivyo sugu, hufanya kazi kwa nanogramu chache, yaani kiasi kidogo mara mia kadhaa. Ndago ilifaulu mtihani wa chekeche la kwanza. Haikuwa dawa, na walioipa maksi hawakudai hivyo. Baada ya hapo yapo maswali mengine: je, panya mwenye malaria anapona? Ini lake linabaki zima? Molekuli inafika kwenye damu au inaharibikia tumboni? Inaweza kutengenezwa kiwandani bila kung'oa msitu mzima? Kila swali ni chekeche jipya lenye matundu madogo zaidi na gharama kubwa zaidi.

Pale Muhimbili walikuwa na chekeche lao la gharama nafuu, nami ndilo ninalolipenda kuliko yote. Mwaka 1982 watafiti wa Marekani walipendekeza kupima nguvu ya mmea kwa kutumia Artemia, mdudu wa maji chumvi ambaye kwetu mtu angemwita uduvi tu. Mayai yake hukauka kama vumbi na huweza kukaa kwenye kopo miaka. Profesa Mainen Moshi na wenzake wa taasisi ya dawa za asili waliagiza mayai Afrika Kusini. Chumvi hawakuagiza. Walichota maji ya Bahari ya Hindi hapa hapa pwani ya Dar es Salaam, wakayavukiza, wakapata chumvi ya kuwatengenezea uduvi bahari bandia ndani ya beseni.

Mayai yanamwagwa upande mmoja wa beseni, uliofunikwa. Upande wa pili kuna taa. Yakianguliwa, viluwiluwi wadogo kuliko punje ya mchanga huogelea kuifuata taa na kuyaacha maganda gizani. Mtafiti anawafyonza kwa kidomo cha kioo, kumi kumi, anawatia katika vichupa. Kila kichupa kimetiwa rojo la mmea kwa kipimo chake, kuanzia kikali hadi hafifu, na kila kipimo kinarudiwa mara tatu ili bahati isidanganye. Vichupa vingine vimetiwa kiyeyushio tu, bila mmea, kuhakikisha kwamba kiyeyushio hicho siyo muuaji. Baada ya saa 24 anavishika vichupa kimoja kimoja mbele ya mwanga na kuhesabu wanaocheza na waliotulia. Hakuna mashine. Ni jicho, mwanga na daftari. Kutokana na hesabu hiyo hupatikana kipimo kinachoua nusu ya uduvi, kisha kinalinganishwa na cha dawa ya saratani iitwayo siklofosfamidi, ambayo ilihitaji mikrogramu 16 na ushei kwa mililita. Mmea ukiua kwa kiasi kama hicho au pungufu, unawekewa alama: huu una kitu, muuangalie kwa makini.

Uduvi haugui malaria wala kansa, na kumwua si kumtibu mtu. Waliokuwa wakihesabu walilijua hilo. Kipimo kiliwapa mambo mawili kwa mpigo: mmea wenye nguvu ya kufuatiliwa, na onyo kwa wanaoutumia. Dawa nyingi ambazo waganga wa Kagera, Bunda, Pwani na kwingineko walizitaja zilipita katika vichupa hivyo. Nyingi hazikuwa na sumu kubwa kwa uduvi, na hilo nalo ni jibu analostahili kulisikia mama anayemnywesha mtoto wake maji ya mizizi.

Sasa tuelekee kusini mwa jiji. Keko, wilaya ya Temeke, ndiko yaliko makao ya Bohari ya Dawa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1993. Huko Keko pia kipo kiwanda cha dawa kilichoanzishwa na serikali. Kutoka Mlimani hadi Keko ni safari ya daladala mbili. Kiwanda cha vidonge, hata hivyo, si maabara ya ugunduzi: unga wa dawa huja na pipa kutoka nje, unachanganywa, unagandamizwa, unapakiwa. Ni kazi ya heshima na tunaihitaji. Ila pandoksidi, uvaretini na rojo la ndago hazikuwahi kupanda daladala hizo mbili. Ziliishia kwenye majarida.

Wapo wanaosema kosa ni uvivu wa wasomi. Mimi sikubaliani nao. Uchina, mwanzoni mwa miaka ya 1970, Tu Youyou aliitoa artemisinini, asili ya dawa iliyo ndani ya mseto, katika mmea uliotajwa kwenye vitabu vya kale vya tiba, lakini nyuma yake kulikuwa na mradi wa siri wa taifa ulioanza tarehe 23 Mei 1967, wenye taasisi nyingi na wanajeshi wenye haraka. Mwaka 2010 kampuni ya dawa ya GSK ilitangaza kwamba katika maabara yake ya Tres Cantos, Hispania, roboti zilikuwa zimechekecha karibu molekuli milioni 2 dhidi ya kimelea cha malaria na kubakiwa na 13,533. Linganisha na mimea 49 iliyosagwa Mlimani. Tofauti ya akili haipo hapo. Ipo tofauti ya matundu, mikono na miaka ambayo mtu yuko tayari kulipia bila kuona kidonge.

Artemisinini yenyewe ina kichekesho chake. Mmea wake ulipata kulimwa na wakulima wa kaskazini mwa Tanzania, ukakamuliwa kiwandani Athi River, Kenya, unga ukasafirishwa nje kutengeneza dawa za mseto, na mseto ukarudi kwetu ndani ya maboksi.

Chekeche la karibuni zaidi halina vichupa wala uduvi. Tangu mwaka 1971 wanasayansi wamekuwa wakiweka kwenye hifadhi ya pamoja maumbo ya protini, na yeyote mwenye intaneti anayachukua bure. Protini ya kimelea ina mashimo na mifuko. Dawa nyingi hufanya kazi kwa kujibanza humo na kuizuia isifanye shughuli yake. Programu kama AutoDock Vina, iliyotolewa bure mwaka 2010, huichukua molekuli, ikaigeuza maelfu ya mara ndani ya mfuko huo, kila mkao ikaupa alama ya jinsi ulivyokaza. Mwanafunzi mwenye kompyuta ya mkononi anaweza kuchekecha mamia ya molekuli kabla ya adhuhuri, akiombea tu umeme usikatike. Mwaka 2020 ilichapishwa hazina ya molekuli za mimea ya Afrika Mashariki, zilizokusanywa kutoka majarida ya miongo iliyopita, tayari kwa kuchekechwa namna hiyo. Kazi ya wale waliokinga matone kwenye mirija imepata maisha ya pili.

Mwaka uliofuata, dunia ikiwa kwenye hofu ya UVIKO, watafiti wa Tanzania, wakiwemo Daniel Shadrack na Geradius Deogratias, walionyesha kwa kompyuta jinsi luteolini, molekuli iliyomo katika mimea mingi, ingeweza kukizuia kirusi kisiingie kwenye seli. Ni kazi safi. Nayo pia ni chekeche la kwanza. Kompyuta haijui kama molekuli inaharibu figo, na alama nzuri kwenye kioo imewaangusha wengi ilipofika kwenye kichupa. Mwenye kompyuta bado anamhitaji mwenye uduvi, mwenye uduvi anamhitaji mwenye panya, na mwenye panya anahitaji bajeti isiyokatwa katikati ya mwaka. Kamba hiyo ndiyo iliyokatika kati ya Pande na Keko, na kompyuta peke yake haitaiunga.

Haraka imerudi. Mwaka 2022, wilayani Karagwe, mkoa wa Kagera, watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, akiwemo Deus Ishengoma, waliwafuatilia wagonjwa waliopewa mseto na kukuta vimelea vyenye mabadiliko ya jeni yajulikanayo kama R561H, vinavyochelewa kuondoka kwenye damu mbele ya artemisinini. Wagonjwa wengi walipona, kwa sababu dawa mwenza ndani ya mseto bado ina nguvu. Ni Kagera ile ile ambako watu wa Muhimbili walikwenda kwa waganga kukusanya mizizi ya kupima kwa uduvi. Mseto unaogawiwa huko unatoka Bohari ya Dawa, na sehemu kubwa yake hufika bohari ikiwa ndani ya makontena yaliyoshushwa bandarini Dar es Salaam.